Kidole cha Barlaha

Kabla hujauona uso wa Barlaha, ulikiona kidole chake. Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimekolea rangi ya dengu, kinang'aa mafuta, na hakikujua kutulia. Sufuria yoyote iliyochemka mtaa wa wapagazi, pale Antiokia karibu na daraja, kidole kilikuwa kimeshachovya kabla mwenyewe hajaamua. Miaka thelathini ya kuuza supu, kidole kilishuka, kikapanda mdomoni, kikashuka tena. Ukimuuliza, angekuapia kwamba hakuonja.

Kidole hicho ndicho kilichomkosesha ubatizo mara tatu.

Maana anayebatizwa hufunga siku nzima, alfajiri hadi alfajiri, na mbatizaji hufunga pamoja naye. Na wale walimu waliotembea mji kwa mji na habari za Yesu, viatu vimeliwa na njia, hawakuruhusiwa kuganda mahali. Mwalimu wa kweli hulala kwa wenyeji siku mbili. Akilala ya tatu, huyo ni tapeli. Mpe mkate wake aende. Walimu watatu walikwisha kuja, Barlaha akaonja, nao wakaenda zao na njaa ya bure.

Lakini mapenzi kwa huyo Yesu hayakumtoka. Mwalimu wa kwanza ndiye aliyemsimulia jinsi Bwana alivyofufuka, akawasha moto ufuoni, akawaokea rafiki zake samaki. Barlaha aliangusha upawa.

"Miungu ya kupikiwa naijua tele," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza kumsikia anapika!"

Tangu hapo hakuna mpagazi aliyekunywa supu yake bila kusimuliwa na habari ya samaki wale wa ufuoni, moto moto.

Mwalimu wa nne aliitwa Malkioni, mtu mrefu, mwembamba kama ufito, akielekea Edesa. Siku ya kwanza walifunga. Kabla ya adhuhuri kidole kikawa kimeshaingia kwenye dengu. Ikabaki siku moja.

"Leo utanikoma," alisema alfajiri ya pili mkewe, Shalmati, ambaye alibatizwa zamani na hakuchoka kumkumbusha. Akaleta shubiri, akakipaka kidole chote mpaka kwenye kifundo. "Nimewaachisha ziwa watoto watano kwa dawa hii. Wewe ni wa sita."

"Mke wangu, mbele za watu?"

"Nyamaza, mwanangu."

Wapagazi walicheka hadi mizigo ikawaporomoka. Barlaha alikaa juu ya mkono wake kama kuku juu ya yai, Shalmati akapika. Asubuhi ikapita salama. Adhuhuri ikapita. Jua lilipoanza kuinama, Shalmati, kwa mazoea ya miaka thelathini, alisogeza sufuria akauliza bila kufikiri:

"Baba, chumvi imekaa?"

Kidole kilichomoka. Kikachovya. Kikapanda.

"Mama yangu weee!" Barlaha aliruka, akatema, akatema tena, akazunguka kibanda akijifuta ulimi kwa kanzu.

"Kafungua saumu kwa shubiri!" alipiga kelele mpagazi mmoja, Gadia. "Mzee, ungengoja hata nyama!"

Shalmati alijishika kichwa. "Ni mimi! Nimemponza mimi!"

Wote wakamgeukia Malkioni, ambaye tumbo lake lilikuwa likinguruma siku ya pili sasa. Barlaha alipiga magoti, machozi yakimlengalenga, nusu ya huzuni na nusu ya uchungu wa dawa.

"Ulimeza, ndugu?" aliuliza Malkioni.

"Sikumeza, mwalimu! Hata mate yangu mwenyewe nayaogopa!"

Malkioni alijitahidi kukaza uso, akashindwa. "Mwizi amegonga mlango, hakuingia," alisema huku mabega yakimtikisika. "Tunaendelea. Ila mama, nakuomba, mpake na cha kushoto."

Kulipokaribia kupambazuka mtaa mzima ulikuwa ukingoni mwa mto, hata Gadia, aliyedai amekuja kumtazama mzee akilowana tu. Malkioni alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. Ndani mlikuwa na mkate mmoja, na kutoka mtoni angeshika njia moja kwa moja. Shalmati alibeba sufuria iliyofunikwa, akiipakata mbali na mumewe.

Barlaha alisimama katika maji yaendayo kasi, yamemfika kifuani, meno yakigongana, mikono yote miwili juu hewani ili kila mtu ashuhudie. Midomo aliifumba kabisa. Harufu ya samaki wa kuokwa ilimjia kutoka kwenye sufuria ile, na kidole kikatetemeka.

"Bado?" aliuliza kwa pua.

"Bado kidogo," alisema Malkioni, macho yake mlimani, ambako mwanga ulikuwa ukikaribia kumwagika. "Vuta pumzi, ndugu."

Barlaha akavuta.