Fundi Aliyelitibu Gauni

Mke wa fundi wa magauni ya harusi alikuwa ameolewa na mtu anayejua kila kitu. Asichokijua hakikuwa na maana. Mume huyo aliwekewa moyoni vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu, akawa anameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Kisha akaugua kifua kikuu.

Daktari alijitahidi. "Dawa ya kifua inaamsha protini moja kwenye ini, mzee wangu. Protini hiyo inaziamuru jeni zitengeneze vimeng'enya vingi, navyo vinaivunja dawa yako ya damu kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana nakuongezea dozi. Ukimaliza ya kifua, ini litatulia taratibu, na hapo lazima tupunguze. Usikose kuja kupima."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayetajiwa bei ya kitambaa asichokitaka.

Kifua kikapona. Ile dozi kubwa akaendelea nayo.

"Baba watoto, daktari alisema urudi."

"Nirudi nina nini, mama watoto? Anayerudi ni mgonjwa."

Hoja nzito hiyo. Bahati mbaya ini halikuisikia. Lilikuwa limeshatulia, haliivunji tena dawa kama mwanzo, na dawa ikazidi mwilini.

Ufizi ukatoa damu. Mjuaji wetu akalaumu mswaki. Goti likavimba likawa jeusi, akalaumu meza. Siku moja mkewe alimkuta akishona maua ya lesi kwenye gauni jeupe lililoagizwa bila pambo lolote.

"Ubunifu," akasema, kidole kakificha mfukoni.

Kesho yake alimkuta ameegemea cherehani, mdomo umekwenda upande. Alimpenda mjuaji yule, akamkimbiza hospitali. Damu imevujia kwenye ubongo, daktari akasema, wala hakuahidi kitu.

Aliporudi dukani kuchukua shuka, bibi harusi alikuwa mlangoni, amekuja kujaribu gauni lake. Akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo.

"Mama, maua haya yamenipendeza mno. Fundi akija, aniongezee hapa kifuani."

Mke wa fundi akainama kurekebisha pindo, akainua ua moja kwa kucha. Chini yake palikuwa na doa la damu iliyokauka. Akainua la pili. La tatu.

"Hawezi kuongeza, mwanangu," akasema. "Haya yenyewe yamemmaliza."