Siku Kimashine cha Hewa Kililia Saloni

Masomo niliacha mapema, lakini uliza muji yote ya Baraka nani anauza esansi safi, mafuta ya pikipiki. Batakuonyesha kwangu. Pikipiki za kwenda Misisi hazianzi safari bila kunisalimia.

Mapipa ya esansi nilikuwa naweka ndani ya saloni, pale tunakaa na kula, kwa kuogopa bezi baiibe usiku. Bibi yangu, mama ya batoto, hakupenda. Mutoto wetu wa mwisho alikuwa anakohoa sana, na mama yake alishaniambia: "Papa, mapipa yatoke, ao mi na mutoto tunarudi kwetu Nundu."

"Mama, hii harufu ndiyo ilitoa mahari yako."

Basi akafika binti mumoja wa kupima hewa tunayovuta sisi bauzaji. Kati ya bote alichagua mimi, si ajabu. Akanibana kwa kola kimashine kidogo kama radio. "Papa, ufanye kazi yako ya kila siku. Mvuke wa esansi ukizidi, kitalia."

Nikavaa veste, koti yangu ya harusi, nikaachia bibi kazi ya kumimina esansi, nikaenda kutembeza kola yangu. Kule ziwani bamama ba kuuza samaki ndakala bakauliza: "Patron, mukubwa wetu, umepewa medali?"

"Ni pumzi ya bakubwa ndiyo inapimwa."

Kimashine kimya, kama mukristo kwa ibada. Kifua changu ni chuma, nikabaambia.

Saa ya kula nikaalika rafiki babili baje baone. Nikakaa kwa kiti yangu ya saloni, mgongo kwa pipa, nikakata tonge ya bugali. Kimashine kikalia, kama mbuzi aliyeona kisu. Rafiki mumoja akaruka na tonge mkononi. Nikatoka inje, kikanyamaza. Nikarudi, kikalia. Nikatoka tena, nikarudi tena. Batoto bakaanguka chini kwa kucheka, na yule wa mwisho akacheka mpaka kikohozi kikamukaba.

Bibi alisimama mulangoni. "Papa, mutoto analala humo kila siku. Hana kimashine cha kumulilia."

Sikumaliza bugali. Mi na barafiki, na veste yangu ya harusi, tukasukuma mapipa mpaka mwisho wa kiwanja, mbali na jiko.

Jioni binti akanikuta nimejaa kutu. "Papa, nilisema kazi ya kila siku."

"Hii ndiyo kazi ya patron. Kesho kimashine ubane mama, ndiye anamimina."

Leo mapipa yangu yako na nyumba yao ya mabati. Nionyeshe muuzaji mwingine mwenye hiyo. Saloni inanuka sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama mukwe akitoka Nundu, namukalisha kwa kiti ile ile, namwambia avute hewa polepole, iko ya patron.