Mkono wa Dada Mnadani

Siku ya mnada wa ufuta kwenye chama chetu cha ushirika Nyamwage, karani husoma bei ambazo wanunuzi wameziingiza mtandaoni, kisha huuliza: tunauza au hatuuzi? Mikono inanyooshwa, walio wengi wanashinda, na ghala zima linawafuata.

Siku ile dada yangu alikaa kando yangu. Macho yake yalikuwa yanafifia kwa presha ya macho, na daktari wa Kibiti alishamweleza bila kumficha kwamba kinachopotea hakirudi, afanyiwe upasuaji kabla mwezi haujaisha. Fedha ya upasuaji ilikuwa ndani ya magunia yake ghalani.

Karani akasoma. Bei ilikuwa chini kuliko ya msimu uliopita. Alieleza kuwa wanunuzi wanalalamikia vita vya huko mbali, meli zinazunguka njia ndefu na usafirishaji umekuwa ghali. Watu wakanuna. Mimi nikachemka. Ubishi nimezaliwa nao, na simu mpya ilikuwa imenizidishia. Tangu asubuhi nilikuwa naiuliza akili mnemba iliyomo humo habari za meli, ikanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu: wapiganao wakipatana, huenda meli zikarudi njia yake na bei ikapanda.

Nikasimama nikawasomea. Lile neno huenda nikaliruka. Nililiona, nikaliruka makusudi, kwa sababu watu wote walikuwa kimya wakinisikiliza na raha ile ilinilevya.

Dada akanivuta shati. "Mdogo wangu, mikono ya watu mie siioni. Nafuata wako. Tukatae?"

"Tukatae," nikamwambia.

Tukakataa.

Mnada wa pili hakuna mnunuzi aliyeweka bei. Wapiganao hawakupatana, vita vikapanuka, petroli ikapanda mpaka bodaboda wa kwenda Kibiti wakawa wanachagua abiria. Nilizunguka kwa ndugu kuomba msaada, lakini ufuta wao nao ulikuwa umelala ghalani pamoja na wetu. Simu sikuiuliza tena, niliiogopa. Mwezi ukaisha. Asubuhi moja nilimkuta dada anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe akitafuta mlango. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia linaelekea huko huko.

Mnada wa tatu bei ilikuja, chini hata ya ile tuliyoikataa. Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, mikono nimeibana magotini kama mtoto aliyevunja chungu.

Karani hajamaliza kuuliza, dada akanyoosha mkono, peke yake, juu kabisa, uso ameuelekeza ukutani ambako hakukuwa na mtu.

"Tunauza," akasema. Kisha akaniinamia, taratibu, bila hasira: "Leo sikungoja wako."