Namba Niliyoifuta

Maji ya mtaa wa Kabiria, Nairobi, yalikohoa kabla ya kufika. Alfajiri ya Alhamisi bomba la uani lilitoa hewa, likatema kutu, kisha likaanza kutiririka, na harufu ya saruji iliyolowa ikaingia hadi vyumbani. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, mfereji mmoja wa kuchotea maji wote, na tangi jeusi juu ya mnara wa vyuma. Tangi likijaa Alhamisi lilipaswa kutufikisha Jumanne. Nilipokuwa darasa la sita, katika kiangazi kimoja, lilianza kukauka Jumapili, na kabla ya wiki ya pili kwisha mhalifu alikuwa ameshapatikana.

Alikuwa Mama Mutua wa chumba cha saba, mjane kutoka Kitui aliyepika githeri na kuiuza langoni. Sufuria yake ilikaa motoni tangu mapambazuko, na mvuke wa mahindi na maharagwe ulikuwa saa yetu ya kuamkia. Watu walianza kuutazama mvuke ule kwa jicho jingine. Mama wa chumba cha pili aliuliza, akiwa ameinama juu ya karai lake la nguo, "Kwani hiyo githeri inachemshwa na nini, hewa?" na uani wote ukacheka. Mama Mutua alijibu kwamba anachota mitungi mitatu kwa siku, na anayetaka ahesabu. Hakuna aliyehesabu. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema tu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa umri wangu, methali hiyo ilitosha kuwa ushahidi.

Wakati huohuo mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Akinyi, alitupa zoezi: uchague kitu kimoja nyumbani, ukiangalie asubuhi na jioni kwa wiki mbili, uandike. Nilichagua mita ya maji, iliyokaa katika kisanduku cha saruji kando ya lango, chini ya kifuniko cha bati. Niliipenda kazi hiyo. Nilipiga mistari daftarini kwa rula, nikapanga siku, saa na namba. Kwa kuwa ukurasa ulibaki na nafasi, niliongeza safu ya mwisho, nikaipa kichwa "Sababu", na humo nikaandika jina la Mama Mutua mara tano, ingawa mchana wote nilikuwa shuleni.

Keateka wetu, Baba Njeri, aliyeisimamia ploti, alisikia habari za daftari hilo akaliomba. Jumapili baada ya kanisa aliwaita wapangaji uani, akalisoma akiwa amelishika juu ili kila mtu alione. "Hata mtoto wa shule ameandika," alisema. Mama Mutua akapewa hadi mwisho wa mwezi awe amehama. Alinigeukia mimi na kuniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya sukuma wiki, "Msichana wangu, uliniona saa ngapi?" Mama yangu alinishika mkono, akaniingiza ndani.

Jumatatu Mwalimu Akinyi alipitia kazi yangu, akausogeza ukurasa mmoja kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa ulifuta nini?" Nikamweleza kwamba Jumamosi zote mbili namba ya jioni ilikuwa ndogo kuliko ya asubuhi. Mita haiwezi kurudi nyuma, kwa hiyo nilijua nimekosea kusoma, nikaandika kubwa zaidi. Hakunikaripia. Alisema, "Ile uliyoifuta uliiona. Hii uliyoandika uliitoa wapi?" Kisha akaniambia nikaketi kando ya mita Jumamosi, wakati hakuna anayechota, nisiandike chochote mpaka niwe nimetazama vya kutosha.

Jumamosi hiyo mfereji ulikuwa na kufuli. Baba Njeri mwenyewe alikuwa ameufunga tangu asubuhi kwa sababu ya wizi. Niliinua kifuniko, nikatazama, halafu nikaenda kumwita. Alikuja akitafuna muwa, akachuchumaa. Kishale chekundu cha mita kilikuwa kikizunguka kinyumenyume, polepole, bila haraka yoyote. Aligonga kioo kwa ukucha, akidhani kimeharibika. Akalaza sikio kwenye bomba, akakaa hivyo kwa muda. "Inarudi," alisema.

Ploti yetu ilikuwa mlimani, na bomba la kujazia liliingilia chini ya tangi bila kitu cha kuyazuia maji yasirudi. Kiangazi kile jiji lilipofunga maji kila Jumamosi, yetu yaliteremka kwenye bomba la barabarani yalikotoka, yakaenda kwa watu wa bondeni. Tulikuwa tukiwanywesha watu tusiowajua majina, huku tukimlaumu tuliyemjua. Fundi alitia valvu, na tangi likatufikisha Jumanne.

Hakuna mkutano ulioitishwa kuufuta ule wa Jumapili. Baba Njeri alimwambia Mama Mutua kwamba anaweza kubaki, na alimwambia akipita, kama anayemkumbusha siku ya taka. Alibaki miaka miwili zaidi. Lakini hakuchota tena maji peke yake. Kila asubuhi aliita mtoto yeyote aliye karibu: "Njoo unione nikichota." Nilikwenda mara nyingi. Nilisimama kando ya mfereji huku akihesabu mitungi kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hakuwahi kunitajia lile daftari.

Siku hizi naishi kwenye fleti Parklands. Tangi letu lina kipimo kinachosomeka kwenye simu, na kila korido ina kamera. Mwezi uliopita kifurushi cha jirani kilipotea. Kabla chai yangu haijapoa, kundi la wapangaji kwenye simu lilikuwa limeshamtaja kijana anayefagia ngazi. Niliandika kwamba picha za kamera zipo, tuziangalie kwanza. Mmoja akanijibu, "Madam, hawa tunawajua." Picha ziliangaliwa siku ya tatu, zikaonyesha kifurushi kikikabidhiwa kwa watu wa mlango wa pili, ambako kilikuwa bado kimekaa juu ya friji. Mtu aliweka alama ya kucheka. Nilishuka chini kumtafuta yule kijana nimwambie. Ngazi zilikuwa na vumbi la siku mbili, na kwenye chumba cha mifagio nilimkuta mfagiaji mpya, akijaribu funguo.