Neno Alilolitafsiri Fanuel

Fanuel Mwadime alizaliwa Wusi, kijiji cha juu milimani kwenye baridi, katika nyumba ambayo moshi wa kuni ulikuwa umeipaka dari rangi ya lami. Mwaka 1969 kanisa lilimpatia nafasi ya masomo Ujerumani Magharibi. Huko alifundishwa kupima miale ya nyuklia, isiyoonekana kwa macho. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ndani ya kituo cha umeme wa nyuklia na kijimashine mkononi, kuangalia kama kuna miale inayovuja, na kuandika alichokiona. Miaka minne alizunguka, na hakuwahi kuandika jambo la kumtia mtu hofu. Kilichomshangaza ni kwamba jengo moja liliweza kuwasha taa za mji mzima bila kutoa moshi.

Alikuwa ameahidiwa kazi katika kituo cha pili kilichokuwa kinajengwa, lakini hakikumalizika. Vijana waliosoma vizuri walikuja na mahema kuipinga nyuklia, wakakaa kwenye uwanja wa ujenzi hadi mahakama ikasimamisha kazi. Fanuel aliwapita getini kila asubuhi, na mmoja wao alimpa ua. Muda si mrefu, umbali mdogo kutoka hapo, kikaanza kujengwa kituo cha makaa ya mawe. Hakuona hema hata moja. Mwaka 1976 akarudi nyumbani.

Hospitali moja ndogo ya misheni huko Voi ilikuwa na mashine ya eksirei ila haikuwa na mtu wa kuiendesha, basi wakamchukua. Watu walioteremka kutoka milimani wakikohoa, na Wakamba wa mashamba ya chini, wote walipita mikononi mwake. Kila mmoja alimweleza kwa maneno yale yale: hii ni miale, inapita mwilini mara moja na kutuonyesha mapafu, haiumi. Wakamwamini. Kifua kikuu kilikuwa kingi, na picha za Fanuel ziliwafikisha wengi kwenye sindano na vidonge mapema.

Mwaka 1982 wakaja wageni wawili Wajerumani, wa chama cha kutetea mazingira. Kiongozi wao alikuwa mwanamke aitwaye Ulrike, wa miaka thelathini hivi, mpole, anayekumbuka majina ya watu. Walikuwa wamesikia kwamba nchi za Afrika zinaanza kuzungumzia umeme wa nyuklia, nao walitaka wananchi waukatae kabla haujafika. Walifikia katika hoteli ya watalii upande wa Ndara, yenye jenereta na friji. Mchungaji wa Wusi aliwapa jengo la kanisa wafanyie mkutano, akamwomba Fanuel awe mkalimani.

Alikubali upesi. Alikuwa hajasema Kijerumani kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kumsikia akikisema. Alitaka mama yake amsikie. Alitaka dada yake Susan, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka hapo, amsikie. Ukweli ndio huo, na baadaye alimwambia mkewe Tryphena bila kujificha.

Kanisa lilijaa. Ulrike alionyesha picha za watoto waliozaliwa na viungo pungufu, akasema hiyo ni kazi ya nyuklia. Fanuel hakuwahi kusikia picha hizo zilitoka wapi, naye Ulrike hakusema. Kisha akasema kwamba miale, hata ikiwa kidogo namna gani, ni sumu, inaingia mwilini na haitoki.

Hapo Fanuel akasita. Kwa neno hilo la Kijerumani hakuwa na jina lingine isipokuwa miale, lile lile alilolitumia hospitalini kila siku. Alimgeukia Ulrike, akamuuliza kwa sauti ya chini kama aeleze kwamba miale ya daktari ni kidogo na inasaidia, na kwamba hata ile ya kituo cha umeme aliipima yeye mwenyewe miaka minne.

Ulrike alimgusa bega. "Usiwachanganye," alisema. "Wakianza kupima hiki na kile, hawataogopa. Sema tu kama nilivyosema."

Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Mama yake alikuwa amekaa mbele. Fanuel akasema kama alivyoambiwa: miale ni sumu, hata kidogo, ikiingia haitoki.

Mwisho wa mkutano watu waliweka vidole gumba kwenye karatasi ya kukataa nyuklia, Susan akiwa wa kwanza kwa sababu alimwonea kaka yake fahari. Taa zilizomulika zilikuwa karabai mbili za kanisa. Wageni wakateremka na Land Rover yao.

Mwezi uliofuata benchi la eksirei lilianza kubaki tupu. Wagonjwa kutoka Wusi na kijiji jirani cha Ronge walikubali dawa ya kikohozi, lakini wakionyeshwa mlango wa Fanuel walikumbuka kazi waliyoiacha nyumbani. Alipanda mlimani Jumapili baada ya Jumapili kueleza. Mzee Phineas, aliyemfundisha kusoma, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza ni siku gani alikuwa anasema ukweli, siku ile au leo.

Susan alianza kukohoa mwanzoni mwa mwaka 1983. Fanuel alimletea kichupa cha kutemea makohozi, akakipeleka mwenyewe kupimwa, na hakikuonyesha kitu. Daktari akataka picha. Fanuel alikwenda nyumbani kwake, akamkuta anamenya viazi, mifupa ya shingo imetoka.

"Ni mara moja tu, Susan. Ni kufumba na kufumbua."

"Mimi ninanyonyesha, kaka. Ikiingia haitoki."

"Nani amekwambia hivyo?"

Susan alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Wewe," alisema.

Alimweleza saa nzima. Alimwambia kuhusu Ulrike, kuhusu lile neno, kuhusu ile fahari yake ya kipumbavu. Susan alimhurumia, akamwekea chai. Lakini hakuja Voi. Alipoanza kutema damu mumewe alimbeba hadi hospitalini, na makohozi ya safari hiyo hayakuhitaji picha yoyote. Alidungwa sindano siku kumi na moja. Alikufa mwezi wa Agosti, akaacha mtoto mchanga na msichana wa miaka saba aitwaye Lois.

Fanuel alimwandikia Ulrike kurasa nne. Jibu lilichukua miezi mitatu. Alisema amesikitika sana, kwamba chama kinapambana na hatari ya dunia nzima na hakiwezi kujibu kila tukio la mtu mmoja, na kwamba huenda tafsiri haikuwa sahihi. Ndani ya bahasha aliweka jarida lao. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na picha ya wanawake wa Wusi mbele ya kanisa, na maneno kwamba wananchi maskini wa Afrika wamesema hapana. Fanuel alisoma sentensi ile ya tafsiri mara nyingi. Kilichomuuma ni kwamba tafsiri ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Mwaka uliofuata Lois naye akaanza kukohoa. Mama yake Fanuel, bibi wa mtoto, hakuikataa picha.

"Mashine labda ni nzuri, sijui," alisema. "Lakini mkono wako siutaki juu ya huyu mtoto."

Voi nzima hapakuwa na mkono mwingine. Fanuel akaomba ruhusa kazini, wakapanda gari moshi hadi Mombasa, yeye, mama yake na msichana. Katika hospitali wasikojulikana alikaa ukumbini pamoja na watu wengine, huku kijana mgeni akimweka Lois mbele ya sahani ya eksirei na kumwambia ashike pumzi. Picha ilipotoka Fanuel hakuombwa kuisoma. Daktari alimwambia bibi yake Lois kwamba mapafu ni safi. Bibi akamfunga Lois vifungo vya blauzi, akamshika mkono, wakatoka, na Fanuel akawafuata nyuma na kikapu cha chakula.