Kifaa Kililia Upande wa Kaburi

Kazi yangu iko Isaka, kwenye karatasi za mizigo ya malori, na Isaka usiku haina nyota. Ina taa. Ndiyo maana nilipojinyima hadi nikanunua traka, nilikwenda kuijaribu nyumbani kwa mama, upande wa Bugarama, ambako mwanga wa mgodi uko kaskazini ya kijiji na kusini kumebaki giza la kutosha.

Traka ni kifaa chenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Unakifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, unapachika kamera, nacho kinaigeuza polepole kufuata nyota, ili picha ya dakika mbili tatu isijae michirizi. Sharti lake ni moja: kielekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Waliokitengeneza wanaishi nchi ambazo ncha hiyo iko juu, wanainua shingo kama waungwana. Kwetu iko kusini, vidole viwili tu juu ya ardhi. Kwa hiyo jioni ile nililala kifudifudi kwenye vumbi la uwanja wa mama, jicho kwenye katundu, makalio juu, nachungulia kusini. Simu niliyoifunga juu ya kifaa ilikuwa inapima usawa na upande. Ukipatia, inalia tii-tii-tii.

Kusini ya uwanja wa mama kuna mihogo, na katikati ya mihogo kuna kaburi la baba.

Jirani yetu alikuwa anapita. Ni mchimbaji wa siku nyingi, mtu aliyeshuka maduara mengi akapata dhahabu kiduchu. Alisimama, akasikiliza ile tii-tii, akasema, "Endelea na kazi, mwanangu," kwa upole ambao ulipaswa kunishtua. Sikushtuka. Nilikuwa na nyota zangu.

Asubuhi alirudi na wenzake watatu na sururu. Huku kwetu kitu kikilia kimeelekea ardhini, hakuna anayepoteza muda kuuliza kimelilia nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shemeji, mwangaluka," akamwamkia mama kwa kilugha. Mama alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga. "Tumekuja tuongee kistaarabu. Mwanao ana detekta ya dhahabu, na imelia kwa marehemu. Tutamhamisha kwa heshima zote. Hata mchungaji tutamwita."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo. Baba alichimba dhahabu maisha yake yote, na alichowahi kuleta nyumbani ni kikohozi. Shimo pekee alilopewa bila kugombana na mtu ni lile alilolala, na sasa wanalitaka hilo nalo.

Nikajaribu elimu. Nikawaonyesha picha kwenye kamera: hizi ni nyota, zimetulia, kila moja punje yake. Ila kifaa kikifuata nyota, ardhi ndiyo inayoachwa nyuma, kwa hiyo chini ya picha msalaba wa baba ulikuwa umevutika ukawa kama moshi. Jirani alisogeza pua hadi ikakaribia kugusa kioo.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Pale ardhi inatetemeka!"

Elimu ikaishia hapo. "Twendeni kwako, mzee," nikasema.

Nikasimamisha stendi katikati ya uwanja wake, nikalala tena kifudifudi, kweupe, kuku wakinishangaa. Nikaelekeza kusini. Tii-tii-tii. Kusini ya uwanja wake kulikuwa na choo kipya, cha tofali za kuchoma na bati linalong'aa, choo ambacho alikitangazia kijiji kizima.

Alikitazama choo, akaitazama traka.

"Kifaa chenyewe kibovu hiki," akasema.

Lakini wenzake walikuwa wameshahamia upande wa pili. Mmoja alikuwa anahesabu hatua kutoka kwenye stendi hadi mlangoni pa choo, na mwingine alikuwa anamuuliza mzee, kistaarabu kabisa, kama kuna mtu ndani. Nikafungasha vifaa vyangu nikaondoka. Sikuona aibu hata kidogo.

Mama nilimkuta palepale kwenye kigoda.

"Wameondoka kweli?"

"Wameondoka. Wana choo cha kuhangaika nacho."

Akamenya karanga kama tano hivi. Kisha akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Sasa niambie mimi, mama yako. Kililia, au hakikulia?"

Nikaanza kueleza upya habari ya ncha ya anga, na kwamba hata kingewekwa msikitini au sokoni kingelia vilevile. Akaninyamazisha kwa kiganja chenye maganda ya karanga.

"Kililia," nikasema.

Akageuka akaitazama mihogo. Nimemjua mama katika hali nyingi, ila sijawahi kumwona akimwonea baba fahari, si alipokuwa hai wala siku ya mazishi. Siku ile nilimwona.

"Kumbe aliipata," akasema. "Mwache ailalie."