Kitana cha Chawa

Mama jirani yetu wa Kibokoni hukaa barazani kila baada ya alasiri, paka mapajani, kitana cha chawa mkononi, bakuli la maji ya sabuni ubavuni. Humbembeleza paka: "Tulia, mamangu." Kiroboto humzamisha kwa kidole gumba bila neno. Kupe humng'oa taratibu, kichwa kisibaki ngozini. Mwaka wa mvua za El Nino viroboto walipozidi, mumewe alitoka na gunia, amtie paka akamtupe huko mtaa wa Buxton. Mama hakuinua uso.

"Ukishamtia paka, bwana, ingia nawe. Tangu asubuhi nakuona wajikuna."

Mume akasimama, akajikuna shingo. Kisha akalitandika gunia barazani, akaketi, akamshika paka miguu.